Nakala ya Sauti ya Marehemu

Mnicheke mkitaka. Pale Nunguni mimi ndiye niliyekuwa na redio ya kaseti mbili, na kila mtu nilimhubiria faida ya nakala. Ndipo jirani yangu mjane, Mama Mwende, akaniletea kaseti pekee yenye sauti ya marehemu mumewe akiimba.

“Moja haitoshi, mama,” nilimwambia kwa majivuno. “Ikikatika je?”

Nikarekodi huku nikipiga mluzi. Jumapili baada ya ibada, nikawachezea akina mama nakala hiyo. Kimya. Nikaweka kaseti yake. Kimya pia. Nilikuwa nimezibadilisha mahali, nikarekodi kaseti tupu juu ya sauti ya mumewe.

“Ongeza sauti, kijana wangu,” Mama Mwende akasema, akiinamia redio. “Mzee huwa anaanza polepole.”

Nilikuwa nimeshaifungulia hadi mwisho.