Mabati ya Matrida

Matrida alizaliwa Butiama, na kwao mwanamke hangoji kuambiwa kwamba nyumba imechoka. Ukuta ukipasuka anasiriba, paa likivuja anatafuta mtu wa kupanda. Tabia hiyo alihama nayo hadi Iringo, mjini Musoma, kwenye vyumba viwili alivyopanga kwa mzee Baltazar. Ndiyo iliyomponza.

Mzee Baltazar hakuwahi kuisahau tarehe ya kodi. Alilosahau ni paa. Miaka mitatu Matrida alimlilia kwamba panavuja juu ya kitanda cha mgonjwa, na miaka mitatu akajibiwa, "Nitaleta fundi, mama Dorah." Fundi gani? Mwenyewe hata kizingiti hakuvuka. Alipokea chake mlangoni, akaenda zake.

Mgonjwa ni Wambura, mumewe, aliyepooza upande mmoja. Mvua ikinyesha, Matrida alimfunika nailoni kifuani, naye alilala akitazama matone yakimshukia. Daktari aliposema unyevu ule utammaliza, Matrida aliuza mbuzi wake wawili, akanunua mabati manne, akamwita fundi Hezron. Hakumwuliza mwenye nyumba. Kuta nazo akazisiriba, akazipaka chokaa.

Mvua ya kwanza Wambura alilala fofofo mpaka asubuhi. Matrida alilia kwa furaha.

Mwezi ule Baltazar aliingia ndani. Akatazama juu, akagongagonga ukuta, kisha akamwita Matrida nje.

"Umepatengeneza vizuri. Sasa kuna mwalimu anapataka. Mwisho wa mwezi unipishe."

"Mzee, mabati ni yangu. Nilikuwaga nakuomba, wewe unanizungusha tu."

"Kilichopigwa misumari kwenye nyumba yangu ni changu. Una karatasi?"

Karatasi hakuwa nayo. Mwenyekiti wa mtaa naye aliulizia karatasi hiyohiyo, akamwonea huruma, akamshauri akamwombe radhi mwenye nyumba. Radhi ya kosa gani, hakusema. Matrida alirudi nyumbani, akamgeuza Wambura ubavu.

Jumamosi mwalimu alikuja kupaona. Alikuwa kijana mpole, akamwamkia mgonjwa kwa heshima, kisha akainua macho.

"Hapa hapavuji?"

Baltazar alicheka. "Muulize mama mwenyewe, si ndiye anaishi humu."

Kitandani Wambura aligeuza macho, akamtazama mkewe. Matrida alitafuta uongo, hakuupata.

"Hapavuji," alisema.