Posa ya Mtu wa Figo Moja

Leonce Ngonyani, fundi cherehani wa Mfaranyaki, hupima nguo mara tatu kabla ya kutia mkasi, na bado suruali zake hubana. Nina haki ya kusema hivyo. Yeye ni Mngoni, mimi Daimu ni Myao wa Tunduru, na sisi ni watani tangu enzi za mababu. Naweza kumwita mwizi mbele ya padri wake, na akifa nitaingia kaburini mwake nilale humo, wasizike mpaka wanipe chochote. Yeye naye hunifanyia vivyo hivyo, tena kwa kelele zaidi.

Agosti mwaka jana alipasuliwa Dar es Salaam, akatolewa figo la kulia lenye saratani. Mtaani alisema alikwenda kutibiwa ngiri. Kipande cha uvimbe kilipelekwa maabara kusomwa alama za kimolekuli, yaani vitu vidogo mno ndani ya chembe za ugonjwa, ambavyo humsaidia daktari kukadiria mgonjwa ataishi muda gani. Jibu likaja: kati ya wagonjwa kumi wenye alama kama zake, sita huwa bado hai miaka mitano baada ya upasuaji.

"Mimi ni wa ngapi?" Leonce akauliza.

Daktari akamwambia kwamba alama zile zinajua habari za kundi, mtu mmoja mmoja haziwezi kumtaja. Fundi hakuridhika. Utampaje fundi kipimo cha watu kumi, halafu umwambie ashone suruali moja?

Shida yenyewe ilikuwa Domina, Mngoni mwenzake, mjane wa Mshangano anayeuza dagaa wa Nyasa sokoni. Leonce alimpenda, na hilo hata mimi silifanyii mzaha. Aliogopa kumtajia wale wanne wasiofika. Aliogopa zaidi kumwoa kimyakimya, maana Domina alishazika mume mmoja. Alizungukazunguka miezi tisa, mwishowe akaniita.

"Mtani, utakuwa mshenga wangu. Ukifika mweleze yote, na hesabu ya daktari. Wewe huna haya."

"Hapo umesema kweli," nikamjibu.

Nikaenda Mshangano na barua ya posa. Domina alikuwa na shangazi yake, Bibi Lidwina, nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote.

"Nimewaletea mchumba," nikasema, "ila ana kasoro. Figo lake moja limebaki Dar, lilikuwa na saratani. Na daktari anasema kati ya kumi wa namna yake, wanaomaliza miaka mitano ni sita tu."

Bibi Lidwina akacheka mpaka kilemba kikafunguka. "Nyie Wayao mna laana. Hata figo la mwenzio unalitania?"

Nikaapa, wallahi. Domina akacheka hadi machozi. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyoshika mbavu. Nimewadanganya Wangoni maisha yangu yote wakaniamini. Siku niliyosema kweli, hakuna aliyenisadiki. Niliona aibu, kitu nilichodhani sina. Barua ikapokelewa.

"Umewaambia?" Leonce akaniuliza niliporudi.

"Nimewaambia. Wamecheka. Nenda mwenyewe, wewe si mtani wao."

Akafunika cherehani. Tukapanda bodaboda moja hadi Mshangano.

Mbele ya Domina alitoa karatasi ya daktari, imechakaa kwa kukunjwa. Akaeleza kila kitu, kisha akapandisha shati wakaliona kovu. Safari hii hakuna aliyecheka.

Bibi Lidwina akanigeukia. "Kumbe ulikuwa unasema kweli."

"Nisamehe, bibi. Sitarudia."

Domina alikuwa bado ameshika karatasi. "Hiyo miaka mitano inaanza kuhesabiwa lini?"

"Tangu siku ya upasuaji," Leonce akajibu.

Domina akahesabu kwa vidole, polepole.

"Marehemu mume wangu hakuwa na alama yoyote. Alitoka mzima asubuhi, jioni nikaitwa kumtambua." Akamrudishia karatasi yake. "Na wewe umeshatumia miezi kumi na moja, tisa kati ya hiyo ukitafuta mtu wa kukusemea. Nenda kwa padri leo hii ukaandikishe ndoa, kabla hajafunga ofisi. Huyu Myao mwache hapa."