Jeshi la Anga la Zumuka

Sisi tuliokua kijijini Tulia kabla nguzo za umeme hazijafika sokoni tulikuwa na nchi yetu wenyewe, na nchi hiyo ilikuwa na jeshi la anga. Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Watoto wa siku hizi nikiwasimulia hunitazama kama mtu aliyekaa juani kupita kiasi.

Nchi yenyewe iliitwa Zumuka. Jina tulilipata kwa kuunganisha majina yetu: Zuhura, ambaye ni mimi, Mutua, rafiki yangu, na Kalekye, dada yake mdogo. Kwetu baba alikuwa na duka. Babu yake alitoka Pwani na mzigo wa nguo begani, akaoa huku, asirudi tena, kwa hiyo sisi tuliswali na kufunga Ramadhani, na jioni tukala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kama majirani. Mama Mutua naye alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani. Kati ya boma lao na letu palikuwa na ua wa minyaa tu, na ua huo ulikuwa na tundu la kupitia watoto ambalo wazazi wote walijifanya hawalioni.

Zumuka ilizaliwa juu ya dungu, katika shamba la mtama la Mama Mutua lililopakana na boma lao. Mtama ulipoanza kuiva tulitumwa kuamia ndege, tukitoka shule tu, hata kabla ya kuvua sare. Tulipanda dunguni na makombeo yetu. Walikuja wale ndege wadogo wenye midomo myekundu, wengi kama wingu linalogeuka hewani, wakatua upande mmoja wa shamba. Tukiwatupia mawe, walihamia upande wa pili. Siku moja Mutua alitupa kombeo lake chini.

"Hawa wanapigana kutoka juu," alisema. "Sisi tuko chini na mawe. Hii vita hatuiwezi mpaka na sisi tupate ndege zetu."

Basi akajiteua Mkuu wa Majeshi ya Anga, na hakuna aliyempinga, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kisu.

Ngoja niwaambie zana tulizokuwa nazo. Ndege za kivita zilikuwa aina ya Kipanga. Mwili wake ulikuwa bua la mkonge lililokauka, jepesi kama mkate, mabawa ni katoni za sabuni nilizoomba dukani kwa baba, na panga la mbele lilikatwa kwenye mfuniko wa mkebe wa mafuta ya kupikia, likashikiliwa na msumari. Ukikimbia nayo dhidi ya upepo, panga lile lilizunguka na kulia zzzz mpaka mkono ukafa ganzi. Helikopta zilikuwa magunzi ya mahindi yaliyochomekwa manyoya matatu ya kuku. Ukirusha gunzi juu, linashuka likizunguka taratibu. Jogoo wa Mama Mutua alibaki na mkia wa aibu msimu ule wote. Askari wa miavuli walikuwa mawe madogo yaliyofungwa nyuzi kwenye karatasi za nailoni. Rada ilikuwa ringi ya baiskeli kwenye mti wa dungu, na kazi ya Kalekye ilikuwa kuizungusha na kupiga kelele, "Adui kaskazini!" hata kama adui alikuwa kusini, kwa kuwa neno kaskazini ndilo lililompendeza.

Ndege halisi zilipita juu sana, zikiacha mstari mweupe. Watoto wengine walizikimbilia wakiimba, "Ndege, ndege, tuletee mkate!" Mutua alitukataza.

"Mwanajeshi haombi mkate nchi ya kigeni," alisema.

Njaa ilituuma, lakini tulinyamaza kwa heshima ya taifa. Mama Mutua ndiye aliyetuokoa. Alikuja kati ya mistari ya mtama na kibuyu cha uji wenye harufu ya moshi, akapiga saluti kwanza ndipo akamimina. Watu walipomwambia kwamba anatudekeza, alijibu kwa sauti yake ya kwaya, "Mtoto asiyecheza ni mzee aliyepotea njia." Baba yangu hakuwa na shairi kama hilo. Yeye alisema, "Zuhura, biashara haina mabawa, ina miguu. Njoo upime sukari."

Baada ya mavuno Mutua alitaka ndege ya kubeba watu. Tulitafuta nguzo ndefu mbili za mkonge, zile za kujengea, tukazifunga vijiti vya kukingama, na Mama Mutua, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito na hawezi kuinama vizuri, akaketi kivulini na shazia akatushonea magunia juu yake. Alishona maradufu. Mabawa yalikuwa mikeka miwili iliyochakaa. Tukaiita Tai. Mzee Nzioka, jirani mkali aliyekuwa na mbuzi wengi kuliko maneno, alizitamani zile nguzo kwa ajili ya zizi lake. "Nyinyi ni wavivu wenye mabawa," alituambia. Mutua alimjibu kwa adabu kwamba mali ya jeshi haiuzwi.

Tai haikuruka. Tuliipandisha kwenye kichuguu, tukaketi ndani, tukanguruma kwa midomo, tukateremka kwa matako. Tulicheka mpaka machozi.

Kisha mvua za mwezi wa nne zikaja kwa nguvu. Mto wetu, ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu tunaochimba ili tupate maji, ukajaa kutoka ukingo hadi ukingo, mwekundu, ukibeba miti mizima. Zahanati ilikuwa ng'ambo. Barabara ya kwenda Kitui nayo ilikuwa ng'ambo.

Asubuhi moja nilisikia Kalekye akilia kwenye tundu la ua. Nilipomfikia alisema tu, "Mwaitu." Ndivyo walivyomwita mama yao. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri. Baba yao alikuwa kazini Mombasa. Mkunga alitoka nje akifuta mikono, akawaambia majirani waliokusanyika kwamba mtoto amekaa vibaya na yeye hana uwezo zaidi.

"Apelekwe zahanati," alisema. "Sasa hivi, si baadaye."

"Atabebwa na nini?" Mzee Nzioka aliuliza. "Kitanda cha huyu mama ni cha mbao nzito, kitatuzamisha wote. Na mkokoteni kwa hii matope hauendi."

Ndipo Mutua alipokwenda nyuma ya ghala, akarudi akiiburuta Tai. Aliilaza mbele ya wazee, akachukua panga, akakata kamba za mabawa yeye mwenyewe, kushoto kisha kulia. Baba yangu aliinama, akaligandamiza gunia kwa goti kupima mshono.

"Itabeba," alisema. "Leteni blanketi."

Walimlaza Mama Mutua ndani. Baba alishika pembe moja ya mbele, Mzee Nzioka ya pili, na wanaume wawili wa kanisa wakashika nyuma. Tulipofika mtoni, walingoja kidogo maji yapungue, lakini mama yule alianza kuugua kwa sauti nyembamba ambayo sitaki kuikumbuka, na baba akasema, "Twende na Mungu." Walifunga kamba kwenye mti, wakaingia. Maji yaliwafika magotini, kiunoni, kifuani. Waliziinua nguzo mabegani, kisha vichwani. Mama Mutua aligeuza uso akatutafuta ukingoni.

"Mutua, mshike Kalekye mkono!" alipaza sauti. "Usimwachilie!"

"Nimemshika, Mwaitu!"

Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho.

Walivuka. Tuliwaona wakipanda ukingo wa pili, wadogo kama siafu na mzigo wao, wakapotea kwenye miti. Watu walipiga vigelegele, na mimi niliamini mambo yamekwisha.

Baba alirudi jioni, miguu mitupu, nguo zimemkaukia mwilini na tope. Aliketi juu ya gunia la sukari, mahali alipotukataza sisi kuketi.

"Mtoto yuko hai," alimwambia mama. "Wa kike." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mama yake Mungu amemchukua."

Mama yangu alikuwa akimnyonyesha ndugu yangu Idi. Alimhamishia upande mwingine, akajifunga leso vizuri.

"Mleteni kwangu," alisema.

Ndivyo Mumbua alivyoingia nyumbani kwetu, jina lake likitokana na mvua iliyomleta. Alinyonya titi moja, Idi lingine. Baba alituita watoto wote akatuambia kwamba kuanzia siku hiyo yule ni dada yetu, maana maziwa nayo ni undugu. Na kwa kuwa alikuwa mtoto wa watu wa kanisa, kila Jumapili baba alimbeba yeye mwenyewe hadi mlangoni mwa kanisa, akamkabidhi kwa wanakwaya, akarudi kumchukua ibada ilipokwisha. Hakuna aliyeona ni ajabu.

Siku chache baada ya mazishi Mzee Nzioka alizileta zile nguzo, ameziosha. Aliziegemeza ukutani mwa nyumba ya kina Mutua, akavua kofia.

"Mkuu," alimwambia, "mali ya jeshi hii hapa."

Mutua aliitikia kwa kichwa tu. Kalekye alikuwa ameshapanda dunguni, anazungusha ringi yake. "Tunaruka leo?" aliuliza kutoka juu. Mutua alikwenda akasimama chini ya dungu.

"Zumuka imekwisha, Kalekye. Teremka," alisema, akamnyooshea mkono.

Baba yao alipotoka Mombasa aliwapeleka wawili hao kwa shangazi yao, upande wa mji wa Wote. Mumbua alibaki kwetu mpaka alipofikia umri wa kwenda shule, ndipo naye akawafuata.

Leo mimi mwenyewe naishi Wote, nauza nguo. Mutua ni mwalimu wa hesabu, mpole kupita kiasi, na habari za mtoni kwa miaka mingi hakuzigusa. Mwanangu Salim ana ndege za kivita ndani ya simu, zenye makombora na ramani ya dunia nzima, na chaji ikiisha taifa lake lote linalala. Ana nchi kubwa kuliko yetu, lakini yumo peke yake. Nikimwambia atoke nje akatafute bua la mkonge, ananiuliza linauzwa duka gani.

Sitamani kila kitu cha zamani. Pale mtoni sasa kuna daraja, na gari la wagonjwa hupita bila hata kupunguza mwendo. Daraja hilo lingekuwapo siku ile, Mumbua angemjua mama yake. Ila najiuliza kama leo, mkokoteni ukikwama kwenye tope, wangepatikana watu wanne wa kuingia majini bila kuitwa, na mama wa dini nyingine wa kusema "mleteni" bila kuombwa.

Desemba iliyopita tulikwenda Tulia kumwona mama yangu, ambaye sasa haoni vizuri. Mutua aliendesha, na Mumbua, ambaye tulimchukua katika soko la Kabati anakouza pojo, aliketi nyuma na Salim. Tulipofika darajani Mutua alisimamisha gari, akazima injini, akashuka ukingoni hadi kwenye mchanga mkavu. Mumbua alivua viatu akamfuata.

"Maji yalikuwa yanafika hapa," Mutua alimwambia, akiweka kiganja kifuani pake. "Na yeye alikuwa juu, hivi. Alikuwa ameangalia upande wetu."

"Alisema nini?" Mumbua aliuliza.

Mutua akamwambia.

Mumbua alimshika mkono, nao wakasimama hivyo juani. Salim alikuwa ametoa simu apige picha. Kisha akairudisha mfukoni bila mimi kumwambia.