Kopo ya kwanza: vile ugonjwa ya ngombe iliingia mu lupango yangu

Mwaka 1976, nikiwa na myaka kumi na moja, papa yangu alikufa. Alikuwa mutu wa reli. Pale pale masomo yangu ikaishia, mwaka ya tatu ya primaire, na mateso ikaanza.

Bakubwa, na badogo benye kusoma hapa, jambo kwenu bote. Niko naandika na kidole moja, na sikusoma mingi. Mwenye kutafuta makosa ya kuandika atayapata, ajibebee. Lakini bongo, ni kusema uongo, hamutakuta hapa. Yote ilipita mbele ya macho yangu, mu lupango yangu, kiwanja ya nyumba yangu, huku Annexe, Lubumbashi.

Mateso yote sitaeleza. Nilisukuma makala, mkaa ya kupikia, na velo, baisikeli yangu, kutoka njia ya Lukafu mpaka mugongo ikapinda. Hakuna mutu alinipatia kitu. Ngombe yangu ya kwanza ilitoka mu ile makala.

Sisi bantu ba Katanga ya nord, ya kaskazini, batoto ba reli na ba migodi, hatukuzaliwa nyuma ya ngombe. Nilijifunza pekee yangu kukamula na kuzalisha. Nilikuwa na majivuno, sifichi. Bado niko nayo.

Sasa musikie.

Mu nyumba yetu tulikuwa na desturi moja. Asubui nikimaliza kukamula, kopo ya kwanza, ya moto vile inatoka ku ngombe, ilikuwa ya mwanamuke mwenye mimba. Kama hakuna mwenye mimba, ilikuwa yangu. Hatukuichemusha hata siku moja. Bibi yangu, muke wangu Mama Mado, alikunywa ile kopo na mimba zake zote, akazala batoto bazima. Nani angenifundisha ingine?

Tena muko munajua bei ya makala. Na baclient benyewe, benye kununua maziwa yangu, walisema maziwa ikichemuka utamu inakufa.

Mado ni binti yetu ya kwanza. Bwana yake anaendesha camion ku njia ya Kasenga, halalaka ku nyumba. Kwa hiyo Mado akiwa na mimba, anarudia kwetu. Mimba yake ya kwanza, na ile pia alikunywa kopo, ilitoka ikiwa imeshakuwa kubwa. Tulilia sana. Dada ya bibi yangu akaanza kunongoneza mambo ya bulozi, uchawi ya bakwe.

Akarudi na mimba ingine. Nikamuambia Mama Mado: hii tutailinda. Kuilinda na nini? Na kopo ya kwanza. Kila asubui nilimupelekea mimi mwenyewe.

Kidogo juu ya Rosa, sababu bila Rosa hamutaelewa. Rosa ilikuwa ngombe yangu ya sifa. Nilimununua Lukafu, Mado akiwa bado hajapata mimba, maziwa mingi, na mwenye kumuuza hakusumbua ku bei. Nilijisifu: macho yangu hii, hakuna mwenye iko nayo! Sikujiuliza sababu gani mutu anaachia ngombe ya vile.

Mado akiwa kwetu na ile mimba ya pili, Rosa akaangusha mimba. Mutoto alikuwa amekufia ndani. Nilikunja shati, nikaingiza mukono mpaka ku bega, nikamuvuta. Ile nyama yenye kutoka nyuma ya mutoto, kondo, nikatupia imbwa. Nikanawa na maji tu, nikaenda kula bukari, ugali yetu.

Njo vile bafugaji bote huku tunafanyaka. Ngombe ikiangusha mimba tunasema ilikula nyasi mubaya, kesho unakamula.

Kisha homa ikanishika. Jasho mpaka shuka inalowa, mugongo inauma, magoti inauma. Nikakunywa dawa ya palu, malaria. Homa inaenda, inarudi. Nikakunywa ingine.

Mama Mado akasema, "Papa Mado, ni buzee. Kubali tu."

Nikamujibu, "Buzee haitokake jasho."

Nikaenda ku dispensaire. Infirmière, muuguzi mwanamuke wa myaka ya Mado, akaniangalia.

"Mzee, unafanyaka kazi gani?"

"Niko na mali yangu. Situmikie mutu."

"Sijauliza hiyo. Mali gani?"

"Ngombe."

"Kuko yenye iliangusha mimba?"

Nikageuka kuangalia ku mulango. Nilizania kuko mutu alimuelezea mambo ya kwangu.

Akanitoa damu ku mukono, ikaenda ku laboratoire. Siku ya jibu akaniambia, "Si palu, mzee. Ni ugonjwa ya ngombe, inaitwa brucellose. Inapita mu maziwa mbichi. Inapita tena mu damu na maji ya kuzalisha."

Nikakasirika. "Ugonjwa ya ngombe inikamate mimi? Niko na mapembe?"

Bantu benye kungoja ku banc bakacheka. Yeye pia akacheka. Kisha akauliza polepole, "Nani mwingine anakunywa ile maziwa kwako?"

Bakubwa, nikatoka mbio. Ile asubui, mbele ya kutoka, nilimupa Mado kopo yake, nikasimama pale mpaka akamaliza.

Nikapanda moto, pikipiki, nikafika nyumbani. Mado alikuwa ku mulango anachagua sombe, majani ya muhogo.

"Papa, ni nini? Uso yako iko ya mutu mwenye kufiwa."

"Vaa viatu. Twende."

Damu yake ilisema sawa na yangu. Docteur wa bamama akamupa dawa yenye kufaa mwenye mimba, haikuwa kama yangu. Akasema bila kuficha: ile ugonjwa inaweza kuangusha mimba, tunatibu, lakini haahidi kitu. Nikamuuliza kama ile mimba ya kwanza ilitoka sababu ya hiyo.

"Mzee, hiyo hakuna mwenye atakuambia tena."

Na ile jibu njo niko naikala nayo. Sikutupa bulozi ku bakwe tena, na sikuweza kusema kama ni mimi. Iko pale katikati.

Vétérinaire, munganga wa ngombe, akapima ngombe yote. Rosa na mwenzake mumoja walikuwa na ugonjwa. Akasema wauawe, wasiuzwe.

Lakini habari inakimbiaka. Mbele vétérinaire hajarudi, muchuuzi wa ngombe wa Kasomeno akagonga ku mulango. Alijua kila kitu.

"Mzee, unipatie Rosa. Kule hakuna mwenye atauliza. Juu ya nini uzike mali mu udongo?"

Mama Mado akasema, "Uza. Dawa ya mutoto tutalipa na nini? Na matope?"

Alikuwa na haki. Moyo yangu pia ilikuwa imeshakubali. Nikaenda kuchukua kamba.

Mado alikuwa amelala ku kitenge, chini ya dirisha. Hakuinuka. Alisema tu, "Papa, kule Kasomeno hakuna banamuke benye mimba?"

Muchuuzi akacheka. "Binti yako ni avocat ya mahakama?"

Nilikuwa nimeshika kamba, na pale njo nilielewa Rosa alifikaka kwangu namna gani. Kuko mutu kule Lukafu alishika kamba vile vile, na yeye alimuachia, akijua iko mugonjwa.

Nikasema, "Toka."

Akaniita kijinga cha mzee. Sawa. Nimeitwa mubaya kupita hiyo. Rosa na mwenzake waliuawa, tukawazika mu shimo murefu, vétérinaire akiwa pale. Iliniuma, na mwenye hajafuga asiniambie ni ngombe tu.

Nikaanza kuchemusha maziwa yote. Client yangu mukubwa, Mama Furaha, muchuruzi wa en gros, wa kuuza kwa jumla, kutoka Kivu, akapiga makelele mu lupango.

"Mzee! Unataka nikunywe dawa? Kwetu mutu anakunywa chini ya ngombe pale pale!"

"Kwangu mimi, si tena. Chukua ao acha."

Akaenda na bidon yake mutupu. Alikaa muda, kisha akarudi, akinuna. Leo yeye mwenyewe anachemusha tena, anapoza, anaongezea kidogo ya maziwa ya kulala ya jana, mtindi, inakamata muzuri. Hatasema nilikuwa na haki. Simungoje.

Na Mado? Tulingoja. Akishika tumbo, Mama Mado anasimama. Akicheka, tunakaa. Wakati ikatimia, akazala mutoto mwanamuke. Nilisikia kilio ya mutoto kutoka inje ya maternité, nikageukia ukuta.

Yenye nilijifunza iko hivi. Ngombe ikiangusha mimba, si nyasi, mpaka vétérinaire aseme ni nyasi. Usiingize mukono mutupu, vaa gants ku mikono. Yenye kutoka nyuma ya mutoto uzike, usipatie imbwa. Maziwa ichemuke mpaka ipande, hata makala ikiwa bei gani. Na homa ikirudi-rudi, muambie infirmière mbele hajauliza: mimi niko na ngombe.

Wenye kufuga, muandike hapa chini: kwenu ngombe ya vile inaendaka wapi? Museme kweli, hata kama inawagusa. Mwenye kunitukana pia, karibu. Nitasoma na miwani.

Mimi leo niko na hii: lupango moja. Nyumba ya matofali ya kuchoma. Ngombe zenye zilibakia, damu imepimwa. Sufuria mukubwa. Gants za mupira. Mugongo yenye kuuma mvua ikikaribia. Bibi yangu. Binti muzima. Na mwijukulu mwenye kulia na nguvu, bado anakunywa maziwa ya mama yake.