Ruhusa ya Kutoka Mkekani

Kabla sijawafundisha judo wachezaji wa futiboli ya Kimarekani nilikuwa mlinzi wa magari, na baada ya kuwafundisha nimebaki mlinzi wa magari. Navaa kizibao cha njano na kusimama kwenye maegesho ya maduka huko Berea, mjini Durban, nawaelekeza watu warudi nyuma, wakate kulia, basi, simama. Cheti changu cha sekondari cha Bukavu kimo kwenye bahasha chini ya godoro. Sijawahi kuulizwa habari zake na mtu yeyote katika mji huu.

Siku moja mlevi alinisukuma, mchana kweupe, kwa sababu nilimwomba asikojolee gurudumu la gari la watu. Nikamshika ukosi na mkono wa shati, nikageuza kiuno, nikamlaza chini polepole kama mtu anayeshusha mtungi uliojaa. Akabaki amelala pale anaangalia mawingu. Ndani ya gari la pembeni alikuwamo mwanamume Mzulu mwenye kifua kipana, anakula pai. Akashusha kioo.

"Eish, baba! Umemlaza kama mtoto mchanga. Fanya tena."

"Mpaka mwingine anisukume," nikamwambia.

Akacheka hadi makombo ya pai yakamwagika kwenye shati. Alikuwa kocha wa timu ya futiboli ya Kimarekani, vijana wa vyuo na wafanyakazi waliokuwa wakicheza Jumamosi kwenye kiwanja cha kuazima. Mchezo wenyewe sikuujua. Niliuona tu mara moja kwenye televisheni ya kinyozi: watu wenye mabega ya bandia na kofia ngumu zenye kizimba mbele ya uso, wanainama wakitazamana, mpira wa umbo la yai unatolewa, wanagongana kama mafahali. Kocha alinieleza shida yake. Watu wake wa mstari wa mbele walikuwa na nguvu, lakini walisimama wima kama nguzo za umeme, na aliyewashika nguo aliwaburuta alivyotaka. Alitaka nionyeshe jinsi ya kuteremsha kiuno, kujinasua mkononi mwa mtu, na kuanguka bila kuvunjika.

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Judo nilifundishwa shuleni, na kwa miaka mingi hakuna aliyenitaka kwa kitu ninachokijua.

Tukaanza mazoezi Jumanne na Alhamisi alasiri, katika ukumbi wa kanisa letu kule Albert Park. Mkeka tuliutengeneza wenyewe kwa sponji za magodoro ya zamani, tukazifunika turubai nililonunua soko la Warwick. Mwezi wa kwanza sikufundisha kitu ila kuanguka. Unaanguka ubavu, na kabla mgongo haujagusa chini, mkono wako unapiga mkeka kwa nguvu, pa! Mkono unaupokea mshindo badala ya kichwa. Mtu aliyezoea hafikiri tena, mkono unapiga wenyewe.

Mmoja wao, mwenye umbo la kabati, alinung'unika. "Mzee, mimi nimekuja kujifunza kuangusha, si kuanguka."

"Wewe ndiye hasa," nikamjibu. "Siku utakayoanguka bila kujua, majirani watafikiri jengo limeporomoka."

Kati yao wa kwetu Kongo alikuwa mmoja tu. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, amezaliwa Uvira, na alifika Durban mgongoni mwa mama yake. Mama huyo anauza samaki wakavu na unga wa muhogo pale Warwick. Kijana alikuwa anasomea ufundi umeme. Akinikuta barabarani aliniita Papa, kama sisi tunavyowaita wazee. Akivua viatu na kukanyaga turubai aliniita Mwalimu, na sikumfundisha mimi tofauti hiyo. Aliipata mwenyewe.

Niliwapa kanuni ile niliyopewa. Hakuna anayetoka mkekani bila ruhusa. Ukiumia, ukichoka, ukitaka kutapika, unasimama mbele ya mwalimu, miguu pamoja, viganja mapajani, unainama. Mwalimu akiinamisha kichwa, unatoka. Akikuonyesha kiganja kinachotazama chini, unabaki. Nikawasimulia na hadithi ya kidole changu. Nikiwa shuleni nilivunjika kidole cha mwisho katikati ya shindano, nikainama, mwalimu wangu akanionyesha kiganja. Nikabaki, nikashinda. Hadi leo kidole hicho kinaangalia upande wake, hakitaki kujua wenzake wanaenda wapi. Nilikuwa nakiinua juu wakione, kama mtu anayeonyesha medali.

Kocha naye alikuwa na ishara yake, ishara ya mchezo wao. Mchezaji akitaka kutolewa, anajigonga kofia kwa kiganja mara mbili, kocha anaona, anaingiza mwingine. Hakuna kuinama wala kungoja. Mimi niliifanyia mzaha ishara ile. Niliwaambia anayejigonga kichwa anafanana na kuku aliyenyeshewa. Walicheka. Wengi waliendelea kujigonga kofia kama kawaida, maana walijua mzee anatania. Yule wa kwetu hakucheka. Yeye aliacha kabisa kujigonga.

Niliona kwamba ameacha. Katika mechi mbili nilimwona akija hadi kwenye mstari wa pembeni, anainama mbele yangu, mimi naangalia uso wake, nampa ruhusa, ndipo kocha anamwita mwingine. Kocha alishangaa kidogo. "Baba, huyu ni mchezaji wangu au wako?" aliniuliza. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Mechi ya mwisho ya msimu walikuja watu wa Gauteng. Ilikuwa majira ya baridi, yale ya Durban ambayo si baridi, na jua la alasiri limelala chini. Kanisa zima lilikuja. Wale walioniita mzee wa parking walikaa nyuma yangu na chupa zao za soda, na kila mchezaji wetu alipomtoa mpinzani njiani, walipiga kelele: "Judo! Hiyo iko judo ya mzee!" Mimi nilisimama mikono nyuma, kama waziri.

Tulikuwa tunaongoza kwa pointi tatu na zilibaki dakika chache. Mpira ukatolewa, watu wakagongana, na kofia ya kijana ikakutana na goti la mtu aliyekuwa anakimbia. Akainuka. Hakuja hadi kwangu, labda hakuweza. Aligeuka palepale aliposimama, akanitafuta kwa macho, akanipata. Akaweka miguu pamoja. Akaweka viganja mapajani. Akainama.

Kocha alikuwa anaangalia upande wa mpira. Hata kama angegeuka, alizoea kutafuta mtu anayejigonga kofia, na hapakuwa na anayejigonga kofia. Kiwanja kizima kilikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa anamtazama kijana na kujua anaomba nini, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Nikamwonyesha kiganja kinachotazama chini.

Nimejaribu kusema sikufikiri. Si kweli. Nilifikiri kwamba yule ambaye angeingia badala yake husimama wima. Nilifikiri juu ya watu nyuma yangu na chupa zao za soda. Nilifikiri, Mungu anisamehe, juu ya kidole changu, kwamba sasa na yeye atapata hadithi ya kusimulia.

Mpira ulitolewa mara mbili tena. Mara ya pili mtu alimgonga kifuani, si kwa nguvu sana, akaanguka chali. Mkono wake haukupiga chini. Kijana aliyeanguka mbele yangu labda mara elfu, pa, pa, pa, hadi mlinzi wa kanisa akalalamika, alianguka kama gunia, na mikono yote miwili ikabaki hewani kidogo kabla ya kushuka. Hapo nilijua. Nilikimbia, nikamshika mkono hadi gari la wagonjwa lilipokuja, nikapanda naye.

Hospitalini, kwenye kibaraza, kocha aliniuliza, "Baba, kuna ishara yoyote aliyoonyesha? Uliona kitu?"

Nilisema, "Jua lilikuwa machoni mwangu."

Jua lilikuwa mgongoni mwangu.

Akakaa wiki sita kitandani. Alipotoka, siku ile ilikuwa imefutika kichwani mwake, kuanzia chai ya asubuhi. Taa za bomba zinamuumiza macho hadi leo, anavaa kofia ndani ya nyumba. Kupanda ngazi hawezi, anayumba, na fundi umeme asiyepanda ngazi atafanya nini? Chuo kiliisha hapo. Sasa anauza vifuniko vya simu kwenye duka la mjomba wake, na mama yake humwandikia kwenye karatasi mambo ya siku, kwa sababu majina ya vitu humponyoka akiwa ameyafungulia mdomo. Kocha aliwaambia watu kijana alificha maumivu kwa ushujaa. Alisema kwa nia njema. Hivyo ndivyo ilivyojulikana.

Kila Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwao na mfuko wa machungwa. Mama yake alinipa kiti kizuri. "Wewe ndiye ulimshika mkono," alikuwa akisema. "Wengine walisimama wanatazama." Na kijana, kila mara, kwa sababu alisahau kwamba amekwisha kusema, alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Papa, unisamehe. Walinieleza. Sikuomba ruhusa."

Nami nilimjibu, "Yamepita, mwanangu."

Miaka miwili. Nilimsamehe kila Jumapili kwa kosa langu mimi, na kabla sijatoka nilikula mlo nilioandaliwa.

Mwaka huu alikuja maegeshoni kunitafuta, amevuta kofia hadi kwenye nyusi. Alikuwa na furaha ambayo sikuiona kwake tangu zamani. Mchungaji amemruhusu kuwafundisha watoto wa kanisa kuanguka, kuanguka tu, si kuangusha. Daktari amesema ni sawa mradi yeye mwenyewe asianguke, aelekeze kwa mdomo. Alitoa karatasi mfukoni, ameandika mambo atakayowaambia siku ya kwanza asije akasahau. Akanipa nisome. Ya kwanza ilikuwa kuvua viatu. Ya pili ilikuwa hii: hakuna kutoka bila ruhusa ya mwalimu, angalieni mimi, mimi sikuomba, angalieni nilivyo.

Mtu mmoja alikuwa anarudi nyuma na gari kubwa, anapiga honi nimwelekeze. Sikumwelekeza.

"Futa hii ya pili," nikamwambia.

"Kwa nini, Papa? Iko kweli."

"Si kweli. Uliomba."

Akaniangalia chini ya kofia. "Niliomba?"

"Uliomba. Ulisimama, ukainama, nikakuona vizuri. Mimi nilikuambia ubaki." Nikamwonyesha kiganja jinsi kilivyokuwa. "Hivi. Na jua halikuwa machoni mwangu."

Gari kubwa lilimaliza kutoka lenyewe, mwenye gari akanitukana kwa Kiingereza, akaenda zake. Kijana alikuwa anakunja karatasi, anaikunjua, anaikunja. Nilingoja anitukane na yeye. Nilitamani.

"Niliinama vizuri?" akauliza.

"Vizuri sana. Miguu pamoja."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake na anakikagua kama bado kizima. Kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa ukingo wa kofia, akakasirika kwamba yanatoka.

"Mama anajua?"

"Bado."

"Basi twende umwambie sasa hivi. Ukingoja kesho, mimi nitakuwa nimesahau, na wewe utaleta tena machungwa."

Nilivua kizibao, nikamwachia mwenzangu wa upande wa pili. Tuliteremka kwa miguu hadi Warwick, yeye ameshika ukuta kila palipokuwa na mteremko. Sikumshika mkono. Nilinyoosha mara moja, akaukwepa.

Mama yake alikuwa anapanga samaki. Nilimwambia nimesimama, mbele ya wateja, maneno yaleyale. Alisikiliza hadi mwisho. Alimtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi, na nikaona anahesabu zile Jumapili zote na kile kiti.

"Ulikula kwangu," akasema. Basi. Akarudi kwa samaki wake.

Siendi tena kwao, na mama huyo kanisani anakaa upande mwingine. Hajanisamehe na sijamwomba, kwa sababu kuomba kungekuwa kumtwika kazi nyingine juu ya zile alizonazo.

Alhamisi zangu za mapumziko mimi hupita nje ya ukumbi wakati watoto wako ndani. Siingii. Kijana ameweka kanuni yake, nimemsikia akiisema kupitia dirishani, anaisoma kwenye karatasi ili asikosee: anayeumia ajigonge kichwa mara mbili, atoke, asimtazame mtu yeyote, hata mwalimu. Nasimama pale kidogo, nasikiliza mikono inavyopiga turubai. Mmoja ukichelewa, nausikia, nami hushika kitasa cha mlango kabla sijakumbuka kwamba hapo ndani sina neno la kusema.