Pua ya Mtumbwi

Mimi sina subira na kitu kilichovunjika. Kiti kikilegea mguu, sikai mpaka nimekigongelea msumari. Nyumbani wananitania kwamba hata mgonjwa hana raha nikiwa karibu. Zamani nilikuwa nacheka.

Nilikuwa nafundisha shule ya msingi Maisaka, na darasa langu la tano lilipewa kazi ya sanaa kwa ajili ya maonyesho ya wazazi, siku ya Ijumaa. Tukachagua vyombo vya ziwani. Watoto walitengeneza mitumbwi ya mabua ya mahindi, ya malapa yaliyokatika, ya maboksi ya sabuni. Mmoja alishona tanga kwa mfuko wa mbolea, ingawa ziwani kwetu sijawahi kuona tanga hata moja. Nikamwacha. Lakini nilitaka kitu kikubwa cha kuweka mlangoni, nikakumbuka kwamba kwa bibi mmoja wa Nakwa, mjane ninayenunua maziwa kwake, kulikuwa na mtumbwi mkuukuu uani. Ng'ombe walikuwa wanalambia chumvi humo.

Nilipomwomba, aliniuliza kwanza kama kamati ya shule nayo itakuja. Nikamwambia itakuja yote.

"Basi chukua, mwalimu. Ila nirudishiwe ukiwa vilevile."

"Bila shaka, bibi."

Nilijibu upesi kama mtu anayeitikia salamu. Mimi ni mtoto wa wakulima wa Mbulu, ziwa nimelijua ukubwani. Gogo lililochongwa likawa wazi tumboni, kwangu ni hori tu la kulishia ng'ombe. Na kijijini kwetu ukiazima hori la jirani ukaona limeoza mwisho, unakata palipooza, unaziba kwa ubao, unarudisha, na mwenyewe anakushukuru. Mtumbwi ule ulikuwa umemeguka vibaya mbele. Jumatano nikachukua msumeno, nikakata pua yote, urefu wa mkono hivi, nikagongelea ubao mpya. Kipande nikakitupa kwenye kuni za jikoni. Kisha ubavuni nikachora kiboko mkubwa anayecheka, meno yote nje, maana ziwa letu linajulikana kwa viboko. Nilijiona fundi.

Alhamisi mchana bibi akaja mwenyewe. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Aliuzunguka mtumbwi taratibu, akasimama mbele ya kiboko wangu.

"Huyu anacheka nini?"

Akafika mbele, akaupapasa ule ubao mpya, akaupapasa tena.

"Pua yake iko wapi?"

"Ilikuwa mbovu, bibi, kwa hiyo nika..."

"Nimeuliza iko wapi."

Hapo ndipo aliponieleza, sauti yake kavu. Mume wake alikufa ziwani watoto wakiwa wadogo. Mtumbwi ulikutwa unaelea, yeye akapatikana siku ya tatu. Ndugu za marehemu walisema alikuwa amelewa, ameanguka mwenyewe, na watoto wakakua wakiitwa watoto wa mlevi. Lakini pua ya mtumbwi ilikuwa na alama za meno ya kiboko. Bibi aliwaita ndugu hao waje waone, wakakataa. Basi akauweka uani, akautia chumvi ya ng'ombe ili mtu asiupasue kuni, akingoja.

"Shemeji yangu mkubwa yuko kwenye kamati yenu," alisema. "Kwangu haji. Hapa angekuja. Ndiyo maana nilikupa."

Nilikimbia jikoni. Mpishi alikuwa anageuza makande.

"Lile gogo la jana? Liliwaka vizuri kweli, mwalimu. Lilikuwa kavu."

Nilichokonoa majivu kwa mikono mpaka vidole vikaungua. Nilipata mkaa, na mkaa ukavunjikia kiganjani. Nikarudi darasani nikamwambia bibi ukweli, nikilia mbele ya watoto wangu wa darasa la tano. Yeye hakulia. Alikuwa amekaa kwenye dawati.

"Wakati unakata, uliziona?"

Niliona nini? Nilikuwa na haraka. Palikuwa na matundu, nadhani. Nilidhani ni ya shoka, au wadudu, au sikudhani chochote.

"Niliona matundu," nikasema.

"Mangapi?"

"Mawili."

"Basi kesho utamwambia."

Ijumaa asubuhi nilimfuta yule kiboko kwa rangi nyeupe. Kila mzazi aliyeingia getini alinishtua. Bibi alikaa benchi la nyuma, mikono mapajani, macho kwangu. Kamati ikaingia, na shemeji mkubwa, mzee wa koti na kofia, akasimama mbele ya mtumbwi. Sikujua kama aliutambua. Akagusa ubao.

"Mbona huu umekatwa mbele?"

Ningeweza kusema matundu tu na kuishia hapo.

"Nimeukata mimi, mzee, kwa kutojua. Palikuwa na alama za meno ya kiboko. Niliziona kwa macho yangu."

"Meno?"

"Meno, mzee. Mawili, yamezama."

Alinitazama muda mrefu, nami sikukwepesha macho. Kisha akageuka, akamwona bibi. Akavua kofia, akapita katikati ya mitumbwi ya malapa na maboksi mpaka kwenye lile benchi, akakaa kando yake. Sikusikia walichosema. Nilimwona bibi akifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika.

Mtumbwi niliurudisha Jumatatu, na ng'ombe wanalamba chumvi yao. Bibi sasa ananiita mwanangu, na maziwa ananijazia kupita kipimo. Nikiyabeba kurudi nyumbani huwa nasimama njiani, nafumba macho, nayatafuta yale matundu. Kila mara ninachokiona ni msumeno wangu tu.