Ulayu Amfungua Bundi Bawa

Saa mbili asubuhi, jua limekataa kulala tangu juzi, na Ulayu amekaa nje ya kibanda chake juu ya ngozi ya sili, vumbi la jiwe limemjaa kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa la unga. Grainda, mashine ya kusagia jiwe, inalia, mbwa wa jirani wanaitikia. Mwezi uliopita, anaapa, baridi iligandisha kikohozi chake kabla hakijatoka mdomoni.

"Punguza mbwembwe, binti yangu," anasema Kuppaq. "Angalia mkono wako."

Kuppaq ana miaka kumi na tisa. Ulayu ana sitini na mmoja, na ni bibi yake. Lakini msichana alipozaliwa alipewa jina la marehemu baba yake Ulayu, mchongaji, na katika kijiji hiki cha pwani ya Baffin, kaskazini kabisa mwa Kanada, jina hurudi na heshima zake zote. Kwa hiyo bibi humwita mjukuu "Baba", na Baba akiamuru, binti hutii.

Leo Baba ameamuru jambo zito: bundi wa jiwe afunguliwe bawa.

"Miaka arobaini nachonga bundi, wote wamefunga mabawa," Ulayu analalamika. "Na wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hivyo!"

"Nilikuwa mzee. Nilikuwa naogopa."

Lukasi, mumewe Ulayu, anayekata samaki mbichi mlangoni, anacheka hadi kisu kinamponyoka. "Mimi simo. Sibishani na baba mkwe!"

Wanacheka wote, ila kosa halina nafasi. Jiwe hili la kijani lilitoka mbali, mwendo wa saa tisa kwa sleji juu ya bahari iliyoganda, na barafu imekwisha kulegea. Jingine ni mpaka barafu iyeyuke, bahari ifunguke kwa mashua. Tena Kuppaq ameapa: bawa likivunjika, anarudi kwenye kaunta ya duka, hagusi tupa tena. Ulayu hana mwingine wa kumwachia kazi hii. Wanawe wako kusini, wanaendesha malori.

Anamwagia jiwe maji. Jiwe likikauka, mahali pabovu hubaki pamelowa. Bawa linakauka lote, isipokuwa mstari mwembamba kama unywele.

"Ufa," Ulayu ananong'ona. "Tulifunge bawa, Baba. Bado tunaweza."

Kuppaq anainama mpaka pua inagusa jiwe. "Mbona unafuata mstari wa manyoya! Tukate hapohapo, uwe nafasi kati ya unyoya na unyoya."

"Likidondoka?"

"Shika hapo chini, unyamaze."

Ulayu anashika. Grainda imezimwa, sasa ni tupa peke yake, kri, kri, kri. Lukasi ameacha kutafuna. Ufa unaliwa kidogo kidogo, unageuka pengo, vumbi linamwagika, na bawa linabaki hewani.

Maji tena. Safari hii linakauka lote.

Ulayu anapiga ukelele, kunguru wanaruka kutoka mapaa ya nusu ya kijiji. "Baba! Maisha yote yale, hili ulinificha kwa nini?"

"Ulikuwa bado mtoto."

Kuppaq hazungumzii tena duka. Ameokota chaki, anachora kwenye ukuta wa kibanda bundi mwenye mabawa mawili wazi.

"Bahari ikifunguka nafuata jiwe la huyo," Ulayu anasema, macho yanamng'aa, "hata mashua izame nusu."

"Mashua ni yangu!" Lukasi anapiga kelele.

"Basi nenda kanishtaki kwa baba mkwe wako."